Nguo Nyeupe Mlangoni pa Ba

Kila Jumatatu, umande ukiwa bado majanini, Nathalie alipanda nyuma ya baiskeli ya baba yake, mzee Léopold, kutoka mashamba ya maharagwe ya Juru hadi Rwekubo, akapata gari la kwenda Mbarara, alikokaa hadi Ijumaa. Huko, katika chuo kidogo, alisomea lugha na mila za watu wa Asia ya Kusini. Juru nzima haikuwa na kijana mwingine aliyesoma Kigujarati, na kanisa lilimwombea kila Jumapili.

Chuo kilikuwa na sheria yake. Kila mwanafunzi alikabidhiwa familia moja ya Wahindi wa mjini, aende kwao kila siku saa kumi alasiri, akae, asikilize, azungumze. Asiyekwenda alipoteza nafasi yake. Nathalie alikabidhiwa kwa Jamnaben, mkongwe wa duka la vitambaa, ambaye nyumba nzima ilimwita Ba, yaani mama. Ba alimweka kwenye kiti karibu na mlango, akampa sinia la dengu achambue mawe, na kila neno alilokosea alimfanya alirudie mpaka litoke sawasawa.

Muda si muda Nathalie alichoka. Saa kumi ilipofika, alikwenda kwa rafiki zake kusukwa nywele.

"Nathalie, uko unaenda fasi gani?" mwenzake Déo alimtania. "Bibi ya dengu atakulilia."

Alicheka tu. Juma likapita, na jingine likalifuata.

Siku Mwalimu Rugamba alipomtaka alieleze darasa aliyojifunza kwa Ba, ulimi ulimteleza. Alisema Ba amefariki, nyumba imo matangani, hakuweza kuingia. Akaeleza hata mavazi meupe ya wafiwa na taa ya samli, mambo aliyoyasikia humo humo darasani.

Mwalimu alivua miwani. "Kwetu mfiwa haachwi peke yake," alisema. "Kesho tutakwenda sote, tumevaa nyeupe, kama ilivyo desturi yao."

Darasa lilipotoka, Nathalie alikimbilia dukani kuwahi kuwaonya kina Ba, akakuta milango imefungwa, saa ambayo haikuwa ikifungwa kamwe. Alibisha, asiitikiwe. Mlinzi wa duka jirani alimwambia kwamba bibi kizee alitolewa asubuhi amebebwa, shuka limemfunika mpaka kidevuni. Nathalie akakumbuka onyo la nyanya yake: anayemtangazia mzima kifo, amemchuria, amemwitia mauti. Jioni ile hakuthubutu kwenda kwa mwalimu.

Asubuhi darasa lilipanda mtaa likiwa limevaa kanzu za kwaya, zilizoazimwa kanisani. Wapita njia walisimama, wengine wakavua kofia. Hata Déo hakutania. Mlango wa duka ulikuwa nusu wazi, na ndani mlikuwa giza. Mwalimu alikohoa, akaanza kutoa pole kwa Kigujarati.

"Nani amekufa?" sauti iliuliza kutoka ndani, kwa Kiswahili.

Ba akatokea, amekonda, mkono mmoja umeegemea fimbo. Alizitazama nguo nyeupe, moja baada ya nyingine.

Nathalie alipiga magoti. "Ni mimi, Ba. Ni mimi nilisema umekufa. Nilikuwa siji, nikaogopa."

"Mimi nilikuwa na homa," Ba alisema. "Jana hospitali wananitia maji. Lakini kila siku, saa kumi, nasema: weka kiti ya msichana."

Kiti kilikuwapo pale pale, karibu na mlango, sinia la dengu juu yake.

"Nafasi yako chuoni," mwalimu alimwambia Nathalie, "imo mikononi mwa huyu uliyemzika. Yeye ataamua."

Ba alielekeza fimbo kwenye kiti. "Akae. Mawe iko mingi."

Nathalie akalipakata sinia, akaketi na kanzu yake nyeupe, akaanza kuchambua. Machozi yalidondokea dengu zile, naye hakuyafuta.

"Njia ya mwongo ni fupi, binti yangu," mwalimu alisema. "Yako imeishia mlangoni hapa. Ulijua nguo wanazovaa watu hawa wakifiwa, hukujua kwamba mmoja wao anaumwa. Anayetaka kujua mila za mtu, kwanza amjulie hali. Na aliyewekewa kiti nyumbani mwa watu, asikiache kitupu."