Beberu wa Kiapo

Jumamosi moja ya Novemba 2007, kabla ya saa moja asubuhi, Mheshimiwa Zedekiah Wachira alitoka nje ya nyumba yake kule Loresho, akatazama chini ya mjakaranda, akapiga ukemi ulioamsha majirani wote. Kamba ilikuwepo. Beberu hakuwepo.

"Wamenimaliza! Maadui wangu wamenimaliza!"

Chai ilikuwa haijaiva wakati polisi walipomchukua Nzuki, mlinzi wa lango, kwa tuhuma za wizi.

Inspekta Selpher alifika baadaye, amenuna, maana Jumamosi ilikuwa siku yake ya kusukwa nywele. Hasira zake zilipungua alipoelezwa huyo alikuwa beberu wa namna gani. Hakuwa wa supu. Wachira, wakili wa mjini, alianza siasa kwao Murang'a akiwa diwani, akapanda hadi ubunge, akaupoteza, na njiani akahama vyama vitano, kila mara akidai Mungu ndiye aliyemwelekeza. Sasa mchujo wa chama ulikuwa karibu naye alitaka kurudi bungeni. Wazee wa kwao wakamwambia: tutakuunga mkono, lakini kwanza utaapa kwa thenge kwamba hutahama tena. Thenge ni beberu asiyehasiwa. Anayeapa humpiga kwa jiwe mpaka mifupa ivunjike, akisema, nikigeuka, nami nivunjwe hivi. Wakamleta mweusi tii, akalala kwa Wachira usiku wa Ijumaa, na kiapo kilikuwa kifanyike hapohapo saa nane mchana wa Jumamosi hiyo.

"Ni Nzuki," Wachira alisema. Alikuwa amejipulizia manukato mpaka Selpher akapiga chafya. "Amemuuza kwa wachinjaji wa Kangemi, hapo jirani. Ametumwa na Gichuru, mpinzani wangu. Kesi rahisi kabisa, Madam."

"Na kiapo chenyewe, mheshimiwa, hukukiogopa?"

"Mimi? Mzee wa kanisa? Mbuzi ni mbuzi."

Selpher alitazama Mercedes uani. Manyunyu yalikuwa yakianguka, na vioo vyote vinne vilikuwa chini.

"Mvua inaingia kwa gari."

"Gari inahitaji hewa," alisema Wachira, akamsindikiza hadi langoni.

Kituoni, Nzuki alikuwa ameketi sakafuni. Mkewe, Munyiva, alikuwa amesimama kaunta akilia kwa hasira.

"Madam, plot yetu yote huko Kangemi wananiita bibi ya mwizi. Leo kwa foleni ya mfereji wamesukuma mtungi yangu nyuma. Jumatatu wakimpeleka kotini, mimi nitaweka uso wapi?"

"Nzuki, jana usiku uliondoka langoni?"

"Mara moja tu, afande. Mdosi alinituma Kangemi kiberiti, saa tatu hivi. Nikirudi nilikaa hapo langoni, huko kwa mti ni giza."

"Anavuta sigara?"

"Hapana. Na jiko yao ni ya stima. Lakini mkubwa akikutuma utauliza?"

Selpher akaenda Kangemi, kwa mchinjaji aitwaye Ndambuki. Alipotaja beberu mzima asiyehasiwa, Ndambuki aliweka kisu chini akacheka.

"Nani atakula hiyo? Hiyo ukichoma, harufu inafukuza wateja mpaka wa jirani. Hata ukiniletea bure nakurudishia. Na Nzuki ni mtu wa kufuga mbuzi, anajua hiyo kitu kuliko mimi."

Basi aliyeiba hakutaka nyama. Selpher akashuka mjini, ofisini kwa Gichuru, ghorofa ya tano, lifti mbovu. Alifika juu akihema na akiwa na hamu ya kumfunga mtu.

"Ulituma mtu aibe beberu?"

Gichuru alishtuka kwelikweli. "Ameibiwa? Ngai! Madam, mtafute huyo mbuzi, tafadhali! Nimekuwa nikimwombea afike salama. Wachira akiapa, atahama Januari na wazee hawatamtaka tena. Akikataa kuapa, nimeshinda leo. Mimi nimwibe kwa nini?"

Selpher alishuka ngazi polepole, akifikiri. Mwizi si wa nyama, wala si mpinzani. Nani basi alifaidika beberu akipotea? Akampigia simu Wangui, mke wa Wachira.

"Jana usiku mzee alitoka?"

"Alienda Waithaka kwa shangazi yake. Mwaka mzima hajamwona, jana akakumbuka kumpelekea sukuma wiki gunia nzima! Nikasema, hizi ni siasa, hata shangazi ana kura."

Waithaka, harufu ilimpokea Selpher barabarani. Nyuma ya nyumba ya shangazi Waringa, beberu mweusi alikuwa akila sukuma kwa raha zake.

"Mtoe, mwanangu, amenimaliza pua," alisema shangazi. "Lakini Wachira amesema asiguswe. Ati ni ushahidi wa kesi kubwa ya mteja wake."

Saa nane, wazee walikuwa wameketi sebuleni Loresho. Wachira alikuwa katikati ya hotuba kuhusu uhasama wa kisiasa, akiomba aungwe mkono bila kiapo, pale mlango ulipofunguka. Beberu aliingia kwanza, Selpher nyuma yake, kisha Nzuki na Munyiva.

"Mheshimiwa," Selpher alisema, "ulimtuma Nzuki kiberiti usichohitaji ili ubaki peke yako uani. Ukambeba beberu kwenye gari lako, na mpaka asubuhi harufu ilikuwa haijatoka. Shangazi yako amesema mengine."

"Napinga!" Wachira alianza. "Hakuna shahidi aliyeona..."

Beberu alimsogelea akanusa suruali yake. Wachira akaruka juu ya kochi.

"Kwa nini hukumchinja tu?" aliuliza mzee mmoja.

"Beberu wa kiapo? Unataka nife?" Wachira alizidi kupanda mgongo wa kochi. "Biblia nimeishika mara nyingi, Mungu ni mwenye huruma. Huyu hana huruma! Ningeapa, kisha chama kingine kinipe uwaziri, ningefanya nini? Sikutaka kumdhuru mtu. Najitoa kwenye mchujo. Basi?"

Wazee walitikisa vichwa. Nzuki hakutikisa chake. Alikuwa akimtazama mwajiri wake kwa uchungu.

"Uliniacha selo, mheshimiwa. Ulijua."

"Nakuomba radhi, Nzuki. Kwa heshima na taadhima, kwa niaba ya familia yangu, na..."

"Si hapa," Munyiva alimkata. "Hapa hakuna mtu ameniita bibi ya mwizi."

Selpher alimweleza Wachira kwamba kudanganya polisi ni kosa, na kwamba gari la kituo lingeweza kupitia Kangemi akakiri mbele ya majirani, au limpeleke kituoni moja kwa moja, kwa hiari yake. Akachagua Kangemi.

Wanawake walikuwa kwenye foleni ya maji. Wachira alisimama kando ya mfereji na suti yake, akatafuta maneno, akakosa hata salamu ya chama.

"Nzuki si mwizi," alisema. "Niliiba mimi, nikamsingizia."

Munyiva alipita mbele ya foleni na mtungi wake, akauweka chini ya bomba. Hakuna aliyeusukuma.

"Rudia," alisema. "Mama wa nyumba ya mwisho hajasikia."

Wachira akarudia kwa sauti.