Usiitike Mara ya Kwanza

"Sellah, ati unacheka?"

Sellah alijaribu kujizuia, akashindwa. Kwenye kompyuta, zimwi lenye meno kama reki lilikuwa linamtafuna, na yeye machozi ya kicheko yanamtoka.

"Pole, Wamalwa. Linafanana na fahali wa jirani yenu."

"Tangu mwaka jana natengeneza gemu ya kutisha, wewe unaona fahali!"

Roselyne, dadake Wamalwa, alichungulia kutoka saluni yake hapo mbele. Chumba hiki cha nyuma, mjini Kitale, ndicho alichompa kaka yake afanyie kazi.

"Bana, hata wateja wangu wanalicheka. Mtu hajaingia kwenye ghala la gemu, zimwi limeshaanza kelele!"

Wamalwa akazima kompyuta. Zamani alimwambia Sellah, macho yakiwa sakafuni: "Siku gemu yangu itakuogopesha, nitakuuliza kitu." Sellah alikijua kitu hicho, na alikingoja kwa moyo wote. Lakini hakuweza kuigiza woga. Hakutaka kuposwa kwa uongo.

Alirudi Kibabii alikokuwa akisoma chuo. Wiki nzima simu haikulia. Akaandika ujumbe, akafuta, akaandika tena, mwishowe akafumba macho na kuutuma:

"Sikumaliza kusema. Zimwi lako naliona mapema mno. Nikishakiona kitu, nakizoea. Na kila kona naokota kiberiti kingine. Nipe njiti tatu tu, halafu uningojeshe. Pia nipe mtu wa kumtafuta. Nikiwa peke yangu mle ghalani, sina cha kupoteza."

Jibu lilikuja jioni: "Kwenu Bokoli, mtoto akiitwa jina lake gizani, aliambiwaje?"

"Usiitike mara ya kwanza. Kukhu alisema mtu wa kweli ataita tena."

"Hata nyanya yangu alisema hivyo. Njoo Jumamosi. Ukicheka tena, basi."

"Basi gemu, ama basi sisi?"

Usiku huo Sellah alilala na simu mkononi.

Jumamosi adhuhuri, Roselyne alifunga mapazia. Sellah akavaa spika za masikioni. Asipoogopa leo?

Ghala la mahindi. Giza. Zimwi halikuonekana. Punje tu zilikuwa zinadondoka kutoka kwenye gunia, moja moja, mahali fulani nyuma yake. Alikuwa anamtafuta kijana aliyeingia mle asitoke. Njiti ya kwanza haikumwonyesha kitu. Ya pili ilimulika kofia ya yule kijana. Ya tatu akaiweka akiba.

Punje zikaacha kudondoka.

"Sellah."

Sauti ya Wamalwa mwenyewe, ya aibu kidogo, kama anavyomwita siku zote. Kidole cha Sellah kikasimama juu ya kitufe cha kuitika. Nikiitika na si yeye, nimekwisha. Nikinyamaza na ni yeye, nimemwacha humu.

Mkono ukamgusa begani.

Sellah alipiga nduru, spika zikaruka. Kule mbele Roselyne aliangusha kitana, na mteja aliyesukwa nusu kichwa akajikuta barabarani.

"Wooi! Mmeua mtu huko nyuma?" Roselyne aliuliza.

Aliyemgusa alikuwa Wamalwa tu, na kikombe cha chai, meno yote nje.

"Umeogopa!"

"Nusura uniue!"

"Lakini umeogopa nini? Zimwi nimelitoa kabisa."

"Nimeogopa kukupoteza," Sellah alisema, akimtazama machoni.

Wamalwa aliweka chai sakafuni, na magoti yake yakafuata.

"Sellah, nikuulize sasa. Utakubali nije Bokoli na wazee wetu?"

Kimya.

Sellah alimtazama tu, midomo ameibana. Mlangoni Roselyne na mteja wake aliyerudi walikuwa wamesimama kama nguzo. Jasho lilianza kumtoka Wamalwa kwenye paji la uso.

"Nimekosea? Ni mapema? Si useme hata kitu kidogo?"

Kimya.

"Sellah, huyu atazimia!" Roselyne alipaza sauti.

Wamalwa akajaribu tena. Sauti ilimtoka nyembamba kama uzi:

"Sellah?"

"Eeh," aliitika Sellah, kicheko kikimtoka chote. "Njooni. Si unajua kwetu hatuitikii mara ya kwanza?"

Vigelegele vya Roselyne vilisikika hadi barabarani. Wamalwa alikaa sakafuni kabisa, mkono kifuani, akipumua kama aliyefukuzwa.

"Hiyo nayo," alisema, "naiweka kwenye gemu."