Siwema na Kaa wa Mchezo wa Pili

Sogeeni karibu, wadogo kwa wakubwa. Mwenye chungwa na ale, asiye na chungwa na asikilize.

Hapo Muheza, penye machungwa mengi kuliko watoto, aliishi Siwema. Alikuwa na miaka sita na meno mawili yaliyolegea.

Siwema alikuwa na kaka yake, Shaibu. Shaibu alikuwa na miaka kumi na alijua kila kitu. Kama hamwamini, muulizeni mwenyewe.

Nyumbani kwao kulikuwa na mchezo wa kwenye runinga. Ndani ya mchezo kulikuwa na chura wa kijani, na chura alitaka kuvuka mto afike kwao.

Unabonyeza rimoti, chura anaruka. Jiwe hili, ruka. Jiwe lile, ruka. Ukikosa jiwe, chubwi, chura yumo majini.

Rimoti ilikuwa moja, watoto wawili. Mama alichoka kuamua ugomvi kila siku, basi akaweka kanuni.

"Ukianguka, pokeza," alisema mama.

Shaibu alicheza.

Ruka, chura, ruka!
Ruka, chura, ruka!

Aliruka mpaka wali ukaiva.

Kisha ikaja zamu ya Siwema.

Ruka, chura, ruka!
Chubwi!

"Umeanguka, pokeza," alisema Shaibu.

Siwema akapokeza. Kanuni ni kanuni.

Akakaa kwenye kigoda chake, akamenya chungwa, akatazama. Chungwa likaisha. Shaibu bado anaruka. Siwema akamenya chungwa la pili.

Siku moja alikula machungwa manne akisubiri zamu moja. Hakulia. Lakini iliuma, tena iliuma sana.

Jumatano akaja Mjomba Idrisa na lori lake la machungwa. Pooo, lilipiga honi nje ya nyumba.

"Shikamoo, mjomba," walisema watoto.

"Marahaba, wajomba zangu. Yule chura wenu amerudi."

Mjomba akatoa boksi jipya. Ndani yake kulikuwa na mchezo wa pili. Tena kulikuwa na rimoti ya pili.

"Uchezeni," alisema mjomba. "Jumamosi nikipita mtaniambia ukoje. Mkiukataa, nitaurudisha dukani niwachukulie mwingine."

Siwema alikuwa ameanza kumenya chungwa lake, kama kawaida. Akalimaliza kumenya, akaliweka dirishani. Alitaka kwanza kumwona chura.

Chura alikuwa yuleyule wa kijani. Mto ulikuwa mpana zaidi. Lakini safari hii chura hakuwa peke yake.

Nyuma yake alikuja kaa mwekundu. Alitembea ubavu ubavu, tika tika tika.

"Kaa haruki," alisema Shaibu. "Huyu ni wa kazi gani? Mchukue wewe."

Siwema akaishika rimoti ya pili.

Ruka, chura, ruka!
Chubwi!

Nani huyo kaanguka? Shaibu. Ndiyo, Shaibu huyohuyo anayejua kila kitu.

Siwema akabonyeza kitufe. Gando la kaa likarefuka. Likarefuka tena.

Nyaka!

Gando likamdaka chura, likamrudisha juu ya jiwe. Chura alikuwa mzima, anatiririka maji.

"Umeanguka, pokeza," alisema Siwema.

"Nipokeze nini?" alisema Shaibu. "Si umenitoa?"

Wakatazamana. Shaibu alikuwa na rimoti yake. Siwema alikuwa na rimoti yake. Hakuna aliyekwenda kukaa kwenye kigoda.

Ruka, chura, ruka!
Nyaka, kaa, nyaka!

Tusidanganyane, kaa naye alianguka. Alianguka mara nyingi kuliko matone ya mvua. Lakini chura alikuwa na ulimi mrefu. Akianguka kaa, chura anautoa ulimi, vwiip, kaa yuko juu.

Walicheza Jumatano mpaka mama akawaita kuoga. Walicheza Alhamisi wakitoka shule. Walicheza Ijumaa.

Ruka, chura, ruka!
Nyaka, kaa, nyaka!

Ijumaa jioni, Shaibu alimfuata mama jikoni.

"Mama, mchezo huu wa pili ni rahisi mno," alisema. "Ukianguka unatolewa. Halafu lazima nimsubiri kaa kila saa. Nitamwambia mjomba aurudishe."

Siwema alikuwa mlangoni. Alisikia yote.

Mchezo ukirudi dukani, kaa atarudi nao. Kaa akiondoka, Siwema atarudi kwenye kigoda.

Jumamosi lori likaja. Pooo.

"Haya, mabingwa," alisema mjomba. "Mchezo ukoje?"

"Rahisi, mjomba," alisema Shaibu. "Wa kwanza ulikuwa mgumu, ndio mzuri. Huu urudishe tu."

"Sawa," alisema mjomba.

Akautia mchezo ndani ya boksi. Akalibana boksi kwapani. Akapiga hatua moja kwenda mlangoni. Akapiga ya pili.

Siwema akamfuata.

"Mjomba," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi sijaulizwa."

Mjomba akasimama. Akageuka.

"Kweli kabisa," alisema. "Nisamehe, mama. Haya, wewe unauonaje?"

Siwema akakimbia dirishani. Akarudi na chungwa.

Lilikuwa lile chungwa la Jumatano. Limemenywa vizuri, halijaumwa hata mara moja. Lilikuwa limekauka na kuwa gumu.

"Mchezo wa kwanza, mimi nilikuwa nakula machungwa," alisema Siwema. "Shaibu anacheza, mimi nakula."

Akalinyanyua lile chungwa ili wote walione.

"Huu wa pili, nimemenya moja tu, Jumatano. Mpaka leo sijapata nafasi ya kulila."

Mama akajifunika mdomo kwa ncha ya kanga.

Shaibu alilitazama lile chungwa. Kisha akakitazama kile kigoda, pale pembeni, kitupu.

Akajikuna kichwa.

"Mjomba," alisema polepole. "Kwenye mchezo huu kuna poromoko kubwa la maji. Pale nilianguka mara saba."

"Ehe?"

"Mara zote saba, kaa alinitoa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo uache. Usiurudishe."

Mjomba akalitoa boksi kwapani, akampa Siwema mkononi.

"Asante, mjomba," alisema Siwema. "Asante, kaka."

Furaha ilimzidi. Hata runinga aliiambia asante.

Jioni ile, baada ya kula, wakaufikia mto wa mwisho. Mawe yalikuwa madogo, na maji yalikuwa na kelele.

Ruka, chura, ruka!
Nyaka, kaa, nyaka!

Wakavuka.

Chura akafika kwao. Kaa naye akakaribishwa ndani. Mlango ulikuwa mwembamba, lakini kaa aliupita ubavu ubavu bila shida.

Halafu yakaanza kupita majina kwenye runinga. Majina mengi, yanapanda polepole kama mvuke wa chai.

Shaibu akanyoosha mkono azime. Siku zote huzima hapo.

"Ngoja," alisema Siwema. "Ni akina nani hao?"

"Ni watu waliotengeneza mchezo."

"Nani kati yao alimweka kaa?"

Shaibu alifikiri. Kwa mara ya kwanza mwaka huo, hakujua.

"Sijui," alisema.

"Basi nisomee wote."

Shaibu akasoma jina la kwanza.

"Asante," alisema Siwema.

Akasoma jina la pili.

"Asante."

Likaja jina refu sana, ulimi wa Shaibu ukateleza njiani.

"Asante sana," alisema Siwema, maana jina lenyewe lilikuwa refu.

Mama akaja na shuka. Majina bado yanapanda. Siwema akaegemea bega la kaka yake.

"Asante," alisema.

"Asante," alisema tena, kwa sauti ya chini.

Jina lililofuata likapita bila asante. Siwema alikuwa amelala, rimoti ya pili mkononi.

Shaibu angeweza kuzima. Hakuzima. Alisoma majina yote kwa kunong'ona, na kila jina alilisemea asante yeye mwenyewe.

Jina la mwisho likapita. Runinga ikawa nyeusi.

Shaibu akamgeukia mdogo wake.

"Na wewe asante, kaa," alisema.

Siwema hakusikia. Lakini vidole vyake viwili vilijikunja usingizini, nyaka, vikashika kidole cha kaka yake.

Hadithi yetu imevuka mto. Aliye macho na alale.