Saa Moja na Nusu ya Ilham

Ijumaa mchana, darasa la sita la shule moja ya Magamba lilikuwa na kelele kama gulio. Wanachama wa Klabu ya Mazingira walikuwa wakipanga safari ya kesho yake. Wangepita msituni kwa miguu, wafuate kipande cha ile njia ndefu ya milimani iendayo Mtae, wale chakula katika kijiji cha ng'ambo, kisha warudi kabla ukungu haujashuka.

Cecilia alisoma orodha ya chakula: viazi, mahindi ya kuchemsha na mapeasi. Bryson alikuwa na filimbi na sanduku la huduma ya kwanza.

"Haya, Ilham, njia?" aliuliza Mwalimu Lusajo.

"Saa moja na nusu kwenda, Mwalimu, na saa moja na nusu kurudi."

"Umeitembea mwenyewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Uongo mkubwa! Jumamosi iliyopita Ilham alitakiwa kuipima njia kwa kufuatana na shangazi yake, Mwanamwema, ambaye hupeleka mboga gulioni katika kijiji hicho cha ng'ambo. Lakini asubuhi ile baridi ilikuwa ikiuma, naye akajikunyata ndani ya blanketi, akasingizia tumbo. Shangazi aliporudi jioni, Ilham alimuuliza kama ni mbali. "Aa, ni hapo tu!" shangazi alijibu. "Saa moja na nusu umefika." Ilham akaandika hivyo hivyo. Mwalimu Lusajo alikuwa mgeni kutoka Mbeya, na hakuona sababu ya kumtilia shaka mtoto wa milimani.

"Vizuri," alisema Mwalimu. "Kama ni karibu hivyo, hata Lulu atakwenda."

Lulu wa darasa la nne alikuwa na pumu, na kila safari aliachwa shuleni. Aliruka kwa furaha, akamkumbatia Ilham.

Nyumbani hakukalika. Ilham alishika ufagio, akauacha. Alikaa, akasimama, akaenda mlangoni kuutazama msitu, akarudi.

"We mtoto, umekalia siafu?" shangazi alimuuliza huku akimenya viazi.

"Shangazi, ile njia ya gulioni, mtoto mwenye pumu anaiweza?"

Kisu kilisimama. "Pumu? Thubutu! Ule mwinuko wa pili hata mimi hutua mzigo nikapumua."

"Lakini ulisema ni hapo tu!"

"Kwangu mimi ni hapo tu! Naipanda tangu nikiwa msichana. Ungekuja siku ile, ungejua."

Ilham alitoka mbio mpaka nyumbani kwa Mwalimu. Aliogopa adhabu, na aliogopa zaidi hasira za wenzake. Lakini kila alipotaka kugeuka, alimwona Lulu akitafuta pumzi huko msituni, ukungu umewafunika wote.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kulikoni, mbona unahema?"

"Nimedanganya, Mwalimu. Ile njia sijaitembea." Akaangua kilio.

"Safari ya kesho haipo," alisema Mwalimu. "Kesho wewe, mimi na shangazi yako tutaitembea. Ila wenzako utawaambia wewe mwenyewe, sasa hivi."

Ilham alipita nyumba kwa nyumba. Bryson alifoka, "Umetuharibia, bwana!" Lulu aligeuka akaingia ndani tu, na hilo ndilo lililomuuma Ilham kuliko yote.

Asubuhi shangazi alitangulia, kapu la kabichi kichwani. Walipofika mwinuko wa pili, Ilham aliketi njiani, na Mwalimu alikuwa akitweta. Shangazi akiwangoja kila mara, walifika kijijini baada ya saa tatu na dakika ishirini. Hata hivyo, kabla ya miinuko ile, Ilham alikuwa ameona uwanda mzuri wenye chemchemi, mwendo wa dakika arobaini tu, njia karibu yote tambarare. Aliuandika daftarini.

Jumamosi iliyofuata klabu nzima ilikwenda kwenye chemchemi ile. Ilham alimweka Lulu mbele, dawa yake ya kuvuta mfukoni, wote wakafuata mwendo wake. Walipofika, Lulu alinawa uso, akamkatia Ilham nusu ya peasi lake.

Mwalimu Lusajo aliwatazama, akasema, "Watoto wangu, anayepanga safari amebeba uhai wa wenzake. Usichokiona kwa macho yako, sema hujakiona. Na ukikosea, sema mapema, kabla mtu yeyote hajaanza kutembea."