Umande wa Tumbaku

Siku ya Damaris Pell ilianza na kinu. Alitwanga mahindi, akakoroga uji, akamkamua ng'ombe. Kisha alijifunga aproni na kuingia shambani. Lilikuwa shamba la tumbaku kando ya mto Choptank, katika Maryland, koloni la Uingereza huko Amerika.

Damaris alikuwa na miaka kumi na minane. Bwana Hurlock, mwenye shamba, ndiye aliyemlipia nauli ya meli kutoka Uingereza. Naye Damaris aliahidi kumtumikia miaka mitano bila mshahara. Baada ya hapo angekuwa mtu huru. Ndiyo yalikuwa makubaliano.

Mwaka huo mvua ilinyesha sana. Tumbaku ilimfika Damaris kifuani. Kazi yake ilikuwa kuvunja machipukizi na kuokota viwavi, mapema, kabla jua halijawa kali. Alitoka humo amelowa chapachapa, mikono inanata utomvu.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kumchanganya. Kichwa kilimzunguka. Mate yalimjaa kinywani. Mara akatapika uji wote. Jioni alikuwa mzima kabisa, akala na kulala. Asubuhi ya pili, yale yale.

Bibi Hurlock, mke wa mwenye shamba, alimtazama siku kadhaa. Kisha akamwita jikoni.

"Haya, niambie. Ni nani?"

"Nani nini, bibi?"

"Usinifanye mjinga, we msichana. Mimi nimezaa. Anayetapika kila asubuhi namjua. Ni Wat?"

Wat alikuwa mtumishi mwenzake, mtengeneza mapipa ya tumbaku. Alikuwa mlangoni, akasikia.

"Mimi?" Wat akapiga kelele. "Bibi, mimi nalala na mapipa! Likizaliwa pipa dogo, hilo ni langu."

Hakuna aliyecheka. Sheria ya koloni ilikuwa kali. Mtumishi akipata mimba kabla ya kumaliza muda wake, huongezewa muda wa kutumika. Tena huweza kuchapwa viboko mbele za watu.

"Mahakama inakaa Jumanne," Bwana Hurlock alisema. "Utaenda kujieleza huko."

Damaris akapigwa na butwaa. Hakuwahi kulala na mwanaume. Lakini mama yake alikufa zamani, na mambo ya uzazi hakuna aliyemfundisha. Je, mimba huweza kuja yenyewe? Aliwahi kukaa kwenye kigoda cha Wat. Aliwahi kujifunika blanketi la watu melini. Labda ndivyo inavyokuwa. Aliona aibu kuuliza, na mtu wa kumuuliza alikuwa nani? Akaanza kuamini.

Kabla ya Jumanne, Bibi Hurlock alimwita mkunga. Huyu alikuwa jirani yao, Mama Tibbott. Yeye pia alikuja koloni akiwa mtumishi, akafanya kazi ya tumbaku hadi akawa huru.

"Siku zako unaziona, mwanangu?" aliuliza.

"Zilikatika tangu melini, mama."

"Unaona?" Bibi Hurlock akadakia.

"Ngoja kwanza. Hata mimi zilikatika melini. Ni njaa na mateso ya safari. Mwanangu, umelala na mwanaume?"

"Hapana, mama. Lakini nilikaa kwenye kigoda chake."

Mama Tibbott akaangua kicheko. "Kigoda hakijampa mtu mimba! Sasa niambie. Jumapili unatapika?"

Damaris akafikiri. "Jumapili? Hapana."

"Na siku ambazo hakuna mvua wala umande?"

"Siku hizo naona nafuu."

Mama Tibbott akamgeukia Bibi Hurlock. "Mimba gani hiyo inayopumzika Jumapili? Huyu hana mtoto tumboni. Tumbaku ndiyo inayomlewesha. Jani likilowa, sumu yake hutoka na maji, ikapenya kwenye ngozi. Mtu anaona kizunguzungu, anatapika, analegea."

"Mbona mimi siugui?" Bwana Hurlock akauliza. "Hayo majani nimeyashika maisha yangu yote."

"Wewe kiko hakitoki mdomoni, bwana. Mwili wako umeshaizoea. Huyu havuti. Kama huniamini, kesho mwache apumzike. Mpeleke Wat. Naye havuti."

Bwana Hurlock akakubali, kwa kuwa alitaka kumuumbua mkunga.

Alfajiri Wat akaingia shambani na umande, anapiga mluzi. Baada ya muda mluzi ukakatika. Alitoka anayumba, uso umempauka, akashika uzio na kutapika hadi machozi yakamtoka. Damaris, aliyebaki jikoni, alikuwa amekula uji na ukatulia.

Mama Tibbott alikuwa amekuja mapema makusudi. "Haya, Bwana Hurlock," alisema. "Na mimba hii ni ya nani?"

Bibi Hurlock alicheka hadi akashika mbavu. Bwana Hurlock hakucheka. Alitazama majani yanayodondosha maji, akatazama mikono ya Wat.

"Tufanyeje?" akauliza.

"Msiguse majani mabichi yaliyolowa. Subirini umande ukauke. Asubuhi fanyeni kazi nyingine. Vaeni nguo za mikono mirefu. Nguo ikilowa, vueni. Naweni kwa sabuni kabla ya kula. Akizidiwa mtu, mpelekeni kivulini, mpeni maji."

Ikawa hivyo. Asubuhi Damaris alitwanga na kupalilia mahindi. Jua likishakausha majani, ndipo aliingia kwenye tumbaku. Kichefuchefu kikaisha. Jumanne ikafika, na Bwana Hurlock akaenda mahakamani peke yake kwa shughuli zake.

Siku hiyo Mama Tibbott alimkuta Damaris ameinama kati ya tumbaku, analia.

"Sasa unalia nini? Si umepona?"

"Sijui, mama. Sijielewi. Nilishamchagulia mtoto jina."

Mama Tibbott akachutama kando yake. Kisha akamfuta machozi kwa ncha ya aproni yake.

"Litunze hilo jina," alisema. "Mtoto wa mtu huru atalihitaji."

Miaka mitano ilipotimia, Damaris alitoka kwa Hurlock na gauni jipya na mahindi yake, kama desturi ilivyotaka. Hakuongezewa hata siku moja.