Posa Iliyokuja na Habari Nyingine

Siku ya soko Lushoto mtu hatembei, anasukumwa. Sabra alisukumwa, beseni la plamsi likamteleza kichwani, na matunda yakamwagikia viatu vyeupe vya kijana mmoja mrefu mwenye koti la kijivu.

"Dada, umenipaka rangi!"

"Na wewe viatu vyeupe sokoni, ulikuwa unakwenda harusini?"

Kijana akacheka, akainama kumsaidia kuokota. Jumatatu, Sabra alipoingia kwenye kiwanda kidogo cha jemu alikokuwa mpishi, alimkuta yule yule akitambulishwa: Sharifu, meneja mpya kutoka Mtae. Msimu wa plamsi haujafika katikati, tayari alikuwa anamwita "malaika" kwenye simu.

Kisha mwenye kiwanda akapiga simu kutoka Tanga. Msimu ukiisha, wapishi wote wataachishwa kazi. "Usiwaambie, Sharifu. Wakijua watalegea." Sharifu akajibu "sawa bosi", maana ndilo jibu rahisi kuliko yote.

Jioni ile Sabra akampigia. "Mpenzi, mwalimu Devotha wa chuo cha mapishi Mombo kanishikia nafasi. Ijumaa ndiyo mwisho. Nikienda, naacha kazi. Nikatae?"

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini?"

"Mtandao unasumbua, malaika." Akakata.

Mtandao wa milimani una makosa yake, lakini hilo halikuwa lake. Zikafuata siku za simu fupi na macho ya kukwepana. Sabra akaamini amechokwa, akalia mpaka mtandio wake wa zambarau ukalowa. Sharifu naye chakula hakikupita.

Alhamisi Sharifu akashindwa kuvumilia. Aliona habari nzito kama ile haisemwi kwenye geti la kiwanda, wala mwanamume mwenye adabu haingii kwa akina binti peke yake. Basi akavaa kanzu, akamchukua baba yake mdogo, Faraji, akanunua sukari, wakashika njia ya Irente, kwao Sabra. Loo! Wanaume wawili, kanzu, sukari, tena alasiri! Usambara nzima inajua maana yake ni posa. Mama Sabra alipowaona wanatokea migombani alimsukuma binti yake jikoni, akakimbilia kuku.

"Onga mshi! Karibuni!" Baba mtu, akiwasalimu Kisambaa, alikuwa ameshavaa kofia. "Haya wageni wetu, semeni mlichokuja nacho."

Sharifu akaweka sukari chini. "Shikamoo baba. Nimekuja kusema... Sabra ataachishwa kazi. Wapishi wote."

Jikoni kifuniko cha sufuria kikaanguka. Sabra akatoka mbio.

"Umejua tangu lini?"

"Kabla hujaniuliza habari ya chuo."

"Ukaniacha ningoje!"

"Nilikatazwa kusema."

"Na kunishika mkono nyuma ya ghala, nani alikuruhusu?"

Mzee Faraji akakohoa, akatazama dari. Sabra alikuwa ameshapiga simu.

"Shikamoo mwalimu. Ile nafasi yangu bado ipo?"

"Marahaba. Ipo mpaka kesho mchana. Unakuja au huji?"

"Nakuja!" Akaketi mkekani kwa nafuu aliyoipata. Mama yake, aliyekwisha kujiandaa kwa vigelegele, akavipiga hivyo hivyo. Lakini Sharifu hakutupiwa hata jicho.

Kesho yake aliwaambia wapishi wote. Mwenye kiwanda alifoka simuni, ila hakuna aliyelegea. Jemu ilipikwa mpaka tunda la mwisho, na wengi walipata pa kwenda mapema. Mimi nasema meneja anayeficha jambo kama hilo anamwibia mtu muda wa kujiokoa, na anayebisha aje tubishane.

Jumapili moja Sharifu akateremka Mombo. Sabra, aliyekuwa ameshaanza chuo, alimpokea stendi, amevaa dera la njano, jasho likimtiririka, uso umekunjwa.

"Joto la huku litaniua," Sharifu akasema.

"Usinizungushe. Kuna kingine unakijua ambacho mimi sikijui?"

"Kipo. Kiwanda chote kinafungwa. Mwezi ujao na mimi sina kazi. Nimetaka ulijue hilo kabla sijakuomba nikuoe."

Sabra akamtazama. Kinyongo chote alichoteremka nacho kutoka Lushoto kikamtoka.

"Sasa ndiyo umeongea kama mume," akasema. "Nioe."