Ukuta Usiobomolewa

Kila asubuhi, kabla ya chai, Kasuku alikuwa na kazi moja: kumpa baba yake timazi, kile kichuma kinachoning'inia kwenye uzi cha kupimia kama ukuta umesimama wima. Baba yake alifundisha uashi katika chuo cha ufundi. Aliipokea timazi, akapuliza vumbi lisilokuwapo, akasema, "Haya, twende tukawanyooshe." Wanachuo walimwita Mwalimu Timazi. Binti yake aliitwa Kasuku kwa sababu tangu ajue kusema, mdomo wake haukuwa na breki.

Mdomo huo ndio uliomponza siku wazazi walipoalikwa shuleni. Mwalimu wa darasa la sita aliwataka wanafunzi waeleze kazi za wazazi wao. Mmoja alisema mama yake ni muuguzi, mwingine baba yake ni dereva wa lori. Zamu ya Kasuku ilipofika, aliona wenzake wameanza kupiga miayo, akatamani kuwachekesha.

"Baba yangu hujenga ukuta Jumatatu, akaubomoa Ijumaa," alisema. "Jumatatu anaanza tena. Tangu nizaliwe hajamaliza hata mmoja!"

Darasa liliangua kicheko. Kasuku naye alicheka, mpaka alipogeuka akamwona baba yake mlangoni, na ovaroli yake yenye madoa ya chokaa. Alikuwa ameomba ruhusa kazini aje kumsikiliza. Alitabasamu kidogo, akakaa nyuma. Kasuku alitamani ardhi ipasuke immeze.

Nyumbani hakugombezwa, na hilo lilimuuma zaidi. Kesho yake alipompelekea timazi, baba alisema, "Iache tu, mwanangu. Ukuta wenyewe si wa kubomolewa?" Timazi ikabaki msumarini nyuma ya mlango. Siku zile baba aliondoka akiwa amechelewa, akarudi mapema. Mama alipouliza kuna nini, Kasuku aliinamia sahani yake. Alikuwa na maneno ya kila kitu isipokuwa hilo.

Ijumaa iliyofuata alishindwa kuvumilia. Baada ya masomo aliichukua timazi, akaenda nayo chuoni. Alikuta wanachuo wanajenga huku wakipiga soga, na baba yake ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ukuta ulikuwa umefura tumbo katikati. Mkuu wa chuo, mama mrefu mwenye miwani, alisimama mbele yake.

"Mwalimu, ukuta huu umelewa," alisema. "Mwezi ujao vijana hawa wana mtihani wa vitendo. Watafeli! Hii si kazi yako ninayoijua. Umepatwa na nini?"

"Nimechoka tu, Mkuu," baba alijibu bila kuinua macho.

Kumbe hata hapo alikuwa anamsitiri. Uso wa Kasuku ulimwaka kwa aibu. Alipiga moyo konde, akasogea.

"Shikamoo, mama. Baba hajachoka. Ni mimi. Nilimfanya kichekesho mbele ya darasa zima." Akaeleza yote huku analia, na wanachuo wakaacha soga zao. "Nisamehe, baba."

Baba aliipokea timazi. "Kicheko hakikuniuma sana, mwanangu. Kilichoniuma ni kwamba niliona umesema kweli. Miaka yote hii sina hata ukuta mmoja wa kumwonyesha mtu."

Mkuu wa chuo alivua miwani, akaifuta. "Basi na mimi nina aibu yangu. Kila siku napita hapa kutafuta makosa. Sikumbuki ni lini nilikuambia ahsante. Hivi nyumba ngapi mjini humu zimejengwa na vijana wako?"

"Sijui, Mkuu."

"Hata mimi sijui, na nilipaswa kujua."

Kasuku alifuta machozi kwa mkono wa sare. "Shuleni kwetu ukuta wa mabomba ya kunawia umeanguka. Tunanawa kwenye tope."

Mkuu alimtazama baba, baba akawatazama vijana wake. Mmoja wao alinong'ona, "Timazi imerudi, tumekwisha!" Wote wakacheka, na baba akacheka nao.

Baba na vijana wake waliujenga ukuta ule wa shule kwa saruji, na kila safu ya matofali ilipimwa. Ulipokamilika, Kasuku alisimama kando yake, mbele ya darasa lake. "Niliwaambia baba hujenga na kubomoa, nikaficha sababu," alisema. "Hubomoa ili wanafunzi wake wajenge tena vizuri zaidi. Niliona haya kusema hivyo kwa sababu hakuchekeshi." Safari hii hakuna aliyecheka.

"Sikilizeni, wanangu," alisema mkuu wa chuo, ambaye naye alikuja kuuona ukuta. "Mtu akidharauliwa, mikono yake hulegea, hata awe fundi hodari namna gani. Thaminini kazi ya mwenzenu, na mkimvunja moyo, msione aibu kurudi kumwomba radhi. Hata sisi wakubwa tunasahau."

Baba alitundika timazi kandokando ya ukuta, uzi ukatulia. Kisha akainua nyundo.

"Leo Ijumaa, Kasuku. Nianzie wapi kubomoa?"

Kasuku alikimbia akauegemea ukuta, mikono ameitanua. "Labda uanze na mimi!"